Maswali ya wasomaji: Mbona mambo ya laibri tunayasikia yakishaisha?

Wiki hii maswali yote ni ya laibri na sanaa. Sikupanga hivyo, ni nyinyi, tangu niandike kidogo kuhusu laibri za Eastlands hapa Nairobi barua zimemiminika na nyingi zinalia kilio kimoja, kwamba kuna mambo yanafanyika huko ndani na mtu anayasikia yakiwa yameisha. Nimechukua chache, zingine nitazijibu mbele.

SWALI: Naishi Eastlands, laibri iko dakika kumi kwa mguu. Juzi jirani ananiambia watoto walikua wanasomewa hadithi na kuchora huko Jumamosi nzima, bure, na mimi nilikua kwa nyumba nafua na wangu wawili wako nje wanamwagiana mchanga. Hizi habari hua zinatangazwa wapi? Alafu huyu mdogo ana miaka mitatu, si watatufukuza? – Mama wa wawili

JIBU: Hawawafukuzi mama. Upande wa watoto uliwekwa kwa ajili ya watoto, na mtoto wa miaka mitatu kazi yake ni kushika kitabu, kukigeuza juu chini na kuuliza huyu ni nani, na huyu je, huko ndio kusoma kwake. Akianza kulia unatoka naye nje kidogo anapoa mnarudi.

Kuhusu matangazo, hapo umegusa kidonda changu. Ratiba ya mwezi mara nyingi hubandikwa kwa ubao ndani ya mlango, yaani anayeiona ni yule ameshaingia tayari, na ingine inawekwa mtandaoni ambapo kama huna bando siku hiyo imekupita. Kwa hivyo mwanzo wa kila mwezi pita hapo hata kama huna haja na kitabu, salimia mkutubi, muulize mwezi huu kuna nini na cha watoto ni lini, piga ubao picha na simu alafu urushe kwa grupu ya ploti na ya chama. Umwambie pia wako wana miaka mingapi, ndio akipanga kitu ajue wapo. Nimewahi kuona kipindi cha watoto kimeandaliwa vizuri, mkeka umetandikwa, rangi ziko, wakaja watoto wanne. Wanne! Mtaa umejaa watoto, ni habari tu haikuvuka geti.

SWALI: Niko chuo, kila siku napita Banda Street naona lile jumba la simba wawili wa mawe karibu na msikiti wa Jamia na sijawahi ingia, linakaa tu kama si la watu kama sisi. Ni kweli Mwafrika alikua haruhusiwi? – Mpita njia, Nairobi

JIBU: Ni kweli, na hiyo hisia yako haikutoka hewani, jumba lilijengwa likutume uendelee na safari yako. Hiyo ni laibri ya McMillan, ilifunguliwa 1931, Lady Lucie McMillan aliijenga kumkumbuka mumewe William Northrup McMillan, Mmarekani tajiri aliyekufa 1925 akazikwa huko Ol Donyo Sabuk, na kwa miaka mingi wasomaji walikua ni Wazungu peke yao. Ni mpaka ukoloni ulipokaribia kuisha ndio jiji likaichukua na mlango ukafunguliwa kwa kila mtu. Baadaye ikawa na matawi mawili huko Eastlands, Kaloleni na Makadara, na hadi leo McMillan ina sheria yake yenyewe ya bunge inayoilinda, kitu ambacho sijui ni laibri ngapi zinaweza kujivunia.

Alafu miaka ikapita, paa zikavuja, viti vikavunjika, vitabu vikala vumbi. Mwaka 2017 Angela Wachuka na Wanjiru Koinange wakaanzisha shirika la Book Bunk, mwaka uliofuata wakakubaliana na kaunti ya Nairobi wakarabati zote tatu, na kitu nawaheshimia sana ni kwamba hawakuanza na ile ya simba, walianza na za mtaani. Wangeanza mjini wangepigwa picha nyingi zaidi. Lakini Kaloleni ni mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyikazi Waafrika wa jiji hili, na kama kuna watu walinyimwa mlango wa Banda Street ni hao, kwa hivyo kuanza na wajukuu wao kulikua sawa kabisa.

Sasa wewe, kesho usipite. Panda ngazi, uliza ni sehemu gani ziko wazi siku hiyo ju ukarabati hua unahamisha vitu huku na huku, na waulize kuhusu magazeti ya zamani. Kaa na gazeti la enzi ya mkoloni dakika ishirini tu, usome matangazo ya kazi yalivyokua yanaandikwa, utaelewa historia kuliko ulivyoielewa darasani.

SWALI: Mimi ni mchoraji, niko Kariobangi. Nina picha kama kumi na tano za mtaa, nilienda galeri moja kubwa wakaniangalia viatu kabla ya kuangalia kazi. Naweza kuomba laibri wanitundikie? Na mtu akitaka kununua inakuaje? – Msanii

JIBU: Pole kwa hiyo ya viatu, imeniuma. Na ndio, laibri unaweza kuomba, mimi hata ningekushauri uanze hapo ju watu wako ndio watakuja, yule mama anauza mboga hawezi kupanda matatu mbili kwenda kuona picha yake mwenyewe imetundikwa huko leafy suburbs lakini laibri ya mtaani ataingia.

Usiende na picha zote kumi na tano kwanza. Enda na tano kali, au uzipige picha vizuri mchana bila flashi, na karatasi moja ukurasa mmoja unasema wewe ni nani, kazi inahusu nini, unataka ukuta kwa muda gani. Muulize mkutubi anayetoa ruhusa ni nani, ju laibri ya kaunti yeye peke yake hawezi kukuamulia, na ukipewa jina la ofisi andika barua uache nakala moja ipigwe muhuri. Hii ya muhuri usiidharau, barua bila muhuri inapotea na hakuna mtu anakumbuka uliileta. Alafu tembea huo ukuta saa za mchana uone jua linapiga wapi, rangi ya maji na kazi ya karatasi ikipigwa na jua miezi mitatu inafifia, hiyo weka upande wa kivuli, akriliki na mafuta zinavumilia kidogo. Chini ya kila picha karatasi ndogo: jina lako, jina la kazi, mwaka, imechorwa na nini, vipimo. Bei usibandike kama hawajakuruhusu kuuza ndani ya jengo la umma, kaa nayo kwa orodha yako na mtu akipenda mnaongea nje.

Na kabla hujakubali kitu na galeri yoyote ya biashara jua hivi, nyingi hukata kati ya asilimia 30 na 50 ya bei, si wizi, wanalipa kodi na wanatafuta wateja, lakini iwe imeandikwa na iwe imeandikwa utalipwa baada ya siku ngapi. Jambo lingine wengi hamjui, ukiuza picha umeuza ile picha, haki ya kuichapisha kwa tishati ama kalenda inabaki yako mpaka uiuze kwa maandishi. Na tangu sheria ya hakimiliki irekebishwe 2019 msanii ana haki ya asilimia 5 kazi yake ikiuzwa tena kupitia mnada ama galeri. Kwa hivyo weka daftari, andika kila kazi imeenda kwa nani na lini.

Siku ya kufungua niandikie nije, nasema ukweli.

SWALI: Kuna mahali hapa tao mtu anaweza kuona vitabu vya zamani na sanaa pamoja bila kutoa pesa mingi? – Msomaji wa Umoja

JIBU: Iko, na umeipita mara elfu ukikimbilia gari. Ni Kenya National Archives, nyumba ya nyaraka za taifa, hapo Moi Avenue, ile jengo watu wanasema tupatane Archives alafu wanasimama nje saa nzima wakingojeana na hawaingii. Kiingilio ni kidogo. Chini ni galeri ya Murumbi, juu ndio nyaraka na vitabu.

Joseph Murumbi alikua makamu wa rais wa pili wa Kenya, alikaa kwa hicho kiti miezi michache tu ya 1966 akaondoka, na mimi naona kazi kubwa ya maisha yake si hiyo, ni kukusanya. Yeye na mkewe Sheila walikusanya vinyago, vitambaa, mapambo, stempu, barua, na vitabu vya kutosha kujaza nyumba nzima, kati yake zaidi ya 8,000 vilivyochapwa kabla ya 1900. Wakati huo wageni walikua wananunua vitu vya kiafrika na kuvipeleka kwao, na huyu alikua ananunua vibaki. Fikiria mtoto wa Eldama Ravine, baba Mgoa, yaani Mhindi wa Goa, mama Mmasai, amekaa na orodha za wauza vitabu wa Ulaya anatafuta kila kilichoandikwa kuhusu Afrika akirudishe nyumbani. Mimi nikisimama mbele ya hayo makabati hua nashindwa kuongea.

Ukitoka hapo na miguu bado ina nguvu tembea mpaka Nairobi Gallery, pale Kenyatta Avenue inakutana na Uhuru Highway. Ilijengwa 1913, ilikua ofisi ya kuandikisha vizazi, ndoa na vifo, na sehemu ingine ya mkusanyo wa Murumbi iko hapo.

SWALI: Niko Tanga, nakuja Nairobi kusalimia dada yangu. Nasikia kuna Mtanzania alianzisha nyumba ya sanaa huko zamani? – Shangazi wa Tanga

JIBU: Shikamoo shangazi. Ndiyo, ni Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, yule aliyechora picha za ukutani za kanisa la Murang'a. Alikuwa kati ya waliofungua Paa ya Paa mwaka 1965, na jina lenyewe ni la Kiswahili safi, paa yule mnyama, anapaa. Mwaka 1997 moto uliteketeza kazi nyingi na vitabu, wakainuka tena. Iko upande wa Ridgeways, barabara ya Kiambu. Mwambie dada apige simu kwanza kabla hamjatoka.

SWALI: Nipe tu tarehe nizitie kwa kalenda. – Mwalimu, Kayole

JIBU: Mwalimu, hizi hazihami: 15 Aprili siku ya sanaa duniani, 23 Aprili siku ya vitabu, 18 Mei siku ya makumbusho, 7 Julai siku ya Kiswahili, 8 Septemba siku ya kisomo. Laibri na makumbusho hupenda kupanga kitu karibu na hizo, kwa hivyo uliza wiki tatu kabla, ukileta darasa zima bila kusema mtakosa viti. Maonyesho makubwa ya vitabu ya Nairobi kwa kawaida ni Septemba pale Sarit Centre, na siku za shule watoto hujaa kweli kweli.

SWALI: Mume wangu alifariki mwaka jana. Alikua mwalimu, ameniachia katoni sita za vitabu na daftari zake, nyumba ni ndogo. Laibri watachukua? – Mjane, Buruburu

JIBU: Pole sana mama, Mungu amlaze mahali pema.

Usizibebe zote siku moja. Andika orodha kwanza, hata kwa mkono, upeleke orodha peke yake. Riwaya, vitabu vya watoto, kamusi, historia, hivyo watavifurahia kama havina ukungu wala mchwa. Vitabu vya 8-4-4, ule mtaala wa zamani, usishangae wakikataa, mtaala umebadilika na KCPE, mtihani wa darasa la nane, ya mwisho ilifanywa 2023, hivyo mpe mtu wa vitabu vya mtumba. Kama kuna barua za zamani, picha za shule alizofundisha, magazeti, ulizia Archives kabla hujatupa hata karatasi moja. Na muombe mkutubi aandike jina la marehemu ndani ya jalada la kila kitabu, hua hawakatai.

Lakini zile daftari mama, hizo ziache nyumbani kwanza. Ita watoto siku moja mkae nazo, mzipige picha ukurasa kwa ukurasa, alafu ndio muamue.