Likeni na metali zenye sumu: maswali yenu

*Likeni haina mizizi. Metali huingiaje?*

Hupitia kote. Likeni ni kuvu na mwani vinavyoishi pamoja (mara nyingine mahali pa mwani pana bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga), na hutegemea mvua, umande na vumbi. Haina tabaka la nta kama jani, kwa hiyo haina cha kuzuia. Vumbi hunasa kati ya nyuzi za kuvu na huweza kubaki humo muda mrefu. Metali iliyoyeyuka hudakwa na kuta za seli, zenye chaji hasi, ndani ya dakika chache. Hata likeni iliyokufa hufanya hivyo. Sehemu ndogo huvuka utando polepole hadi ndani ya seli, na hiyo ndiyo ya kuhofia.

*Dalili za kudhurika ni zipi?*

Utando wa seli huvuja potasiamu, klorofili huharibika, usanisinuru hupungua. Kwa kawaida mwani huumia kabla ya kuvu. Maabara huyaona haya mapema kuliko macho.

*Karibu na kiwanda chetu likeni zimejaa ukutani. Basi hewa ni safi?*

Usiamue haraka hivyo. Mwaka 1866 William Nylander, mtaalamu wa likeni, alionyesha kwamba likeni za Paris zinaeleza hali ya hewa ya jiji, na tangu hapo watu huhesabu aina zilizopo na zilizotoweka. Hesabu hiyo hufaa sana kwa gesi ya salfa dioksidi. Kwa metali inadanganya, maana zipo aina sugu: baadhi ya likeni za jenasi Acarospora huota juu ya mawe yenye shaba tele. Nyingine hutoa asidi ya oksali, ambayo huifunga shaba kuwa fuwele nje ya seli. Likeni iliyonawiri, basi, inaweza kuwa imesheheni risasi au zinki. Uliza ni aina gani, kisha kipimwe kilichomo.

*Nikiihamishia penye hewa safi, itajisafisha?*

Kiasi. Mvua huosha vumbi, na ioni (chembe zenye chaji) nyingine huweza kuing'oa metali iliyoshikwa na kuta. Iliyoingia ndani haitoki kirahisi. Watafiti hufanya kinyume chake: huchukua likeni penye hewa safi, huitundika penye uchafuzi kwa miezi kadhaa, kisha hupima kilichoongezeka.

*Wanyama wanaoila hudhurika?*

Sumu huwafikia. Baada ya ajali ya Chernobyl mwaka 1986, likeni za Skandinavia zilinasa sizi (caesium) yenye mnururisho, nayo ni metali. Kulungu wa Aktiki wakazila majira ya baridi, na nyama yao nyingi, ya kutoka kwa wafugaji Wasami (wenyeji wa kaskazini mwa Skandinavia), ikakataliwa sokoni.