Maswali ya Wasomaji: Yakuti ya bibi ni ya bluu, sonara anakataa

SWALI: Shikamoo. Bibi yangu mzaa mama alifariki mwaka jana, mama akanipa pete yake ya fedha yenye jiwe la bluu, na bibi siku zote alikuwa anaiita "yakuti yangu". Juzi nimeipeleka kwa sonara anikazie jiwe maana linachezacheza, akacheka, akasema yakuti ni nyekundu, hiyo ya bluu inaitwa safaya, bibi yako alidanganywa. Nimeumia kweli. Nani mkweli?
Mjukuu, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole na msiba. Kwenye jina bibi yako yuko sahihi kabisa, tena yuko sahihi kwa Kiswahili cha zamani kuliko hicho cha dukani. Kama jiwe lenyewe ni la kweli hiyo ni habari nyingine, tutafika.

Hili neno limetembea sana. Wagiriki walikuwa na ua wanaliita hyakinthos, na walikuwa na hadithi ya kijana wa jina hilo aliyepigwa na kisahani alichorusha mungu wao Apollo akafa, damu yake ikamwagika chini, ua likaota pale pale. Ua ndio likatoa jina kwa jiwe lenye rangi kama yake, na rangi yenyewe ilikuwa bluu inayokwenda zambarau, Plinius Mrumi kwenye karne ya 1 anaiweka hivyo hivyo. Sasa neno likahamia mashariki, likapita kwa Waaramu na Waajemi, kila mtu analimega kidogo, mpaka Waarabu wanalitamka yaqut, na sisi huku pwani tukamalizia na i yetu. Kwa hiyo ukilifuata mpaka mwanzo kabisa, yakuti ya kwanza ilikuwa ya bluu kama hiyo ya bibi!

Kwa Waarabu neno likabadilika kitu kimoja kikubwa: likaacha kuwa jina la rangi likawa jina la aina ya jiwe. Yakuti ni lile jiwe gumu, zito, ambalo ukilitia motoni linatoka zima, basi, rangi iwe yoyote. Kuna nyekundu, ambayo ndio iliyopendwa kuliko zote, kuna njano, kuna bluu, kuna nyeupe, na nyingi zilikuwa zinatoka Sarandibu, yaani Sri Lanka ya leo. Ibn Sina kwenye kitabu chake cha dawa za moyo ameiweka yakuti kati ya vitu vinavyoupa moyo nguvu na furaha, watu walikuwa wanaisaga wanakunywa. (Usijaribu tafadhali, na pete ya bibi usiiguse kwa ajili hiyo.)

Lakini mtu ambaye mimi namheshimu sana kwenye habari hii ni al-Biruni, aliyezaliwa 973. Aliandika kitabu kizima cha johari, na hakutosheka na kutazama rangi, alipima. Unapima jiwe likiwa kavu, alafu unatafuta lina uzito gani ukilinganisha na maji yanayojaa nafasi yake. Ili kulinganisha mawe yote alihitaji jiwe moja la kuanzia, alihesabu kama 100, na jiwe alilochagua lilikuwa yakuti ya bluu. Sio nyekundu mwanangu, ya bluu. Kwa njia hiyo hiyo akaonyesha kwamba la'l, jiwe jekundu la Badakhshan ambalo watu walikuwa wanalichanganya na yakuti, sio yakuti, ni jepesi zaidi na sio gumu kama yakuti. Ulaya walikuja kuyatenganisha vizuri mwaka 1783, na mpaka leo lile jiwe kubwa jekundu la mbele kwenye taji la kifalme la Uingereza linaitwa rubi wakati ni spineli, yaani ni la'l.

Sayansi ya leo imekuja kumpa haki yule mzee. Rubi na safaya ni madini mamoja, korundi, oksidi ya alumini, ugumu wake ni 9 pale almasi ikiwa 10. Ikiingia kromiamu kidogo inakuwa nyekundu, yakiingia chuma na titani inakuwa bluu. Bonde la Umba huko huko mkoani kwenu Tanga linatoa korundi za rangi nyingi mpaka mtu unashindwa uziite nini, na neno yakuti lingezibeba zote bila shida.

Na huyo sonara anayekucheka anatumia neno ambalo limetangatanga zaidi. Safaya ya Plinius ni jiwe la bluu lenye vichembe vya dhahabu ndani, na korundi haina vichembe vya dhahabu, anachoeleza pale ni lazawardi, lile jiwe la kuchimbwa Afghanistan, lisilopitisha mwanga. Jina likaja kuhamia kwenye korundi ya bluu baadaye. Hyakinthos nayo kule Ulaya ikaenda kuangukia kwenye zirkoni, jiwe jingine kabisa, la rangi ya chungwa. Kwa hiyo wa kuambiwa jina lake limehama sio bibi peke yake. Mimi nasema yakuti ya bluu ni Kiswahili kizuri, iite hivyo mbele ya yeyote.

Sasa jiwe lenyewe. Tafuta lenzi ya kukuza mara 10, kaa dirishani asubuhi, safisha pete na maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, alafu ligeuzegeuze jiwe taratibu. Ukiona viputo vya mviringo kama vya soda, wasiwasi uanze, inaweza kuwa kioo. Ukiona mistari ya rangi iliyonyooka inayokutana kwa pembe, hiyo ni dalili nzuri, jiwe limekua ardhini. Ukiona mistari imepinda kama ile ya sahani ya santuri, basi ni korundi kweli ila imepikwa kwenye tanuru, Mfaransa Verneuil alitangaza njia hiyo 1902 kwa rubi na za bluu zikafuata miaka michache baadaye, ndio maana pete nyingi za zamani, za watu waaminifu kabisa, zina jiwe la tanuru bila mwenyewe kujua. Hata ikiwa hivyo ni korundi, na bibi hakudanganya mtu kwa jina. Jiwe likitolewa kwenye pete litapimwa kwa maji, korundi ina uzito kama mara 4 ya maji, kioo cha kawaida mara 2 na nusu hivi. Kazi hiyo mpelekee sonara mwingine, na ukae hapo hapo mpaka amalize.

SWALI: Biblia yangu ya Kiswahili inasema "yakuti ya manjano" na "yakuti samawi", alafu tena "hiakintho". Ni mawe matatu?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Umeuliza swali ambalo limenifurahisha sana kwa sababu linaungana na hilo la juu. Fungua Ufunuo 21, pale kwenye misingi ya ukuta wa Yerusalemu mpya: wa pili ni yakuti samawi, wa tisa yakuti ya manjano, wa kumi na moja hiakintho. Hiakintho na yakuti ni neno moja! Moja limekuja kwetu kwa njia ya Waarabu na dhow, lingine limechukuliwa moja kwa moja kutoka kitabu cha Kigiriki, wamekutana ukurasa mmoja kama ndugu wasiojuana.

Kwa mawe, yakuti samawi pale ni sappheiros ya Kigiriki, na kwa watu wa zama zile ina maana ya lazawardi kama nilivyosema, ndio maana Kutoka 24:10 panasemwa sakafu ya yakuti samawi chini ya miguu ya Mungu iliyo kama mbingu zenyewe, fikiria bluu nzito yenye vimulimuli vya dhahabu, inaeleweka vizuri. Yakuti ya manjano ni topazion, na topazion ya wakati ule lilikuwa jiwe la kijani kutoka kisiwa kidogo cha Bahari ya Shamu, kisiwa ambacho Waarabu wanakiita Zabarjad. Waliotafsiri walichagua maneno mazuri yaliyokuwepo, siwalaumu, ila usiende mnadani na Ufunuo mkononi.

SWALI: Babu wa babu yangu aliitwa Feruzi. Mtu kwenye harusi alisema mbele za watu hilo ni jina la watumwa. Ni kweli?
Bi. F., Unguja

JIBU: Pole bibie, hayo sio maneno ya kusema harusini. Feruzi linatoka Kiajemi, firuz, maana yake mwenye ushindi, na jiwe la feruzi likaitwa hivyo. Ni kweli watumwa wengi, huku pwani na Arabuni, walipewa majina ya vitu vya thamani na vya heri, Feruzi, Almasi, Marijani, Yakuti, mtu ananunuliwa alafu anaitwa johari. Lakini Firuz lilikuwa pia jina la sultani wa Delhi aliyetawala 1351 mpaka 1388. Jina peke yake halithibitishi kitu.

Na hata kama babu alikuwa mtumwa, ngoja nikwambie habari ya mtu mmoja. Alizaliwa 1179 kwenye nchi za Warumi wa mashariki, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa Baghdad kwa mfanyabiashara mtu wa Hama, akaitwa Yaqut. Bwana wake alimsomesha ili amwandikie hesabu na kumtuma safari za biashara Ghuba. Baadaye akaachwa huru, akafa 1229 akiwa ameacha kamusi kubwa ya nchi na miji ambayo wanahistoria wanaitumia mpaka leo. Ndani yake ameitaja Tumbatu yenu, akaandika kuwa watu wake ni Waislamu, na ametaja miji miwili ya Pemba ambayo wataalamu wanaisoma Mtambwe na Mkumbuu. Kuna habari kwamba alipopata umaarufu alitaka aitwe Yaaqub badala ya Yaqut, namuelewa. Watu hawakumfuata, ni Yaqut al-Hamawi mpaka leo, na mtu yeyote anayetaka kujua Tumbatu ilikuwaje miaka 800 iliyopita lazima apite kwake.

Kama familia ina karatasi yoyote ya zamani, mahari, wakfu, mauzo ya shamba, tazama jina la babu limeandikwaje na linafuatiwa na nini, "bin" nani au "mtu wa" nani. Hapo ndio mtapata jibu.