Mtandao wa asasi wa kanda: unafanya nini hasa, na unaharibikia wapi

Mleta mada anauliza hivi: asasi yake ndogo ya maendeleo ya kimataifa imealikwa kujiunga na mtandao wa asasi za kanda yao, na hajui kama ada ya mwaka ina faida au ni kuchangia vikao tu. Waliotangulia wamejibu "inategemea". Ni kweli, ila hawakusema inategemea nini.

Mtandao hauchimbi visima wala haujengi madarasa ng'ambo. Hizo ni kazi za wanachama. Wenyewe upo kwa ajili ya mambo ambayo asasi yenye wafanyakazi wawili haiyawezi: kuibana serikali kwa sauti moja, kupokea fungu kubwa na kuligawa vipande vidogo, na kuwafanya raia wa kawaida waone kuwa ya dunia yanawahusu.

Tuanze na fedha, maana ndizo zinazowaingiza wengi. Mfadhili mkubwa hapendi ruzuku ndogo ndogo kwa sababu kusimamia mkataba mdogo kunamla muda karibu sawa na mkubwa. Kwa hiyo anasaini mkataba mmoja na mtandao, nao unatangaza na kugawa. Ndivyo baraza la ushirikiano wa kimataifa la Manitoba, Kanada, ambalo ni mtandao wa aina hii, linavyofanya: serikali ya jimbo inaweka fungu, na baraza linalitumia kuongezea kile ambacho wanachama wamechangisha wenyewe.

Hapa ndipo mambo huharibika, na huharibika kwenye kamati ya uchambuzi, ile inayosoma maandiko ya kuomba ruzuku na kuyapa alama. Mitandao mingi ina kanuni kwamba mjumbe atoke nje andiko la asasi yake linapojadiliwa. Haitoshi. Alama zinashindanishwa, kwa hiyo mjumbe akirudi ndani na kuwapunguzia wengine alama mbili mbili, andiko lake limepanda bila yeye kuligusa. Dawa ni moja: asasi inayoomba raundi hii isiwe na mtu kwenye kamati raundi yote. Kosa la pili ni kuzuia sehemu kubwa ya malipo hadi taarifa ya mwisho ipokelewe. Asasi ndogo haina akiba ya kutangulizia gharama. Ukiishikia asilimia 30 au 40, itakopa au itasimamisha kazi katikati. Asilimia 10 inatosha kumkumbusha mtu kuandika taarifa. Tena fomu ya maombi ilingane na fedha. Ruzuku ndogo yenye fomu ya kurasa 25 humpa ushindi anayejua kuandika maandiko, si anayejua kazi.

Kwenye ushawishi, yaani kule kuibana serikali, mfano mzuri ni Wales, Uingereza. Sheria yao ya mwaka 2015 ya ustawi wa vizazi vijavyo ina malengo saba, na moja ni Wales inayowajibika kwa dunia. Sentensi kama hiyo ikishaingia kwenye sheria, asasi haiji tena kuomba hisani, inakuja kuuliza taasisi ya umma imetekeleza nini. Ufaransa nako, sheria ya 2005 inaruhusu halmashauri kutumia hadi asilimia 1 ya bajeti ya huduma zao za maji na usafi kwa miradi ya maji nje ya nchi. Zingatia neno "inaruhusu". Hakuna anayelazimishwa, kwa hiyo bila mtu wa kuzunguka halmashauri moja baada ya nyingine, kueleza utaratibu na kuwaunganisha na mshirika wa kuaminika, ruhusa inabaki kwenye karatasi. Kuzunguka huko ndiko mitandao ya mikoa inakofaa. Asasi moja ikienda peke yake itaonekana inajitafutia fedha.

Sasa uraia wa dunia, yaani kule kuwafanya raia waone kuwa ya dunia yanawahusu, eneo linalosemwa sana na kufanywa vibaya. Msingi wake rasmi ni shabaha 4.7 ya Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa, inayoutaja kwa jina kama jambo ambalo kila mwanafunzi anapaswa kulipata. Kanada wana Wiki ya Maendeleo ya Kimataifa kila Februari tangu 1991, na mabaraza ya majimbo ndiyo yanayobeba shughuli nyingi. Wiki maalumu ni nzuri kwa kutangaza, lakini haimbadilishi mtu. Kipindi kimoja chenye mavazi, ngoma na picha ya mtoto mwenye njaa kinaweza hata kurudisha nyuma, kwa sababu mwanafunzi anaondoka na huruma na imani kwamba "wale" hawajiwezi.

Kinachofaa ni vipindi vinne hadi sita na darasa lilelile, vilivyopachikwa kwenye somo ambalo mwalimu tayari analifundisha. Mwalimu hana saa ya ziada, na ukimletea mada mpya kabisa atakupokea kwa heshima kisha ataiacha kabatini. Chukua kitu walichovaa wanafunzi, fulana kwa mfano, fuateni safari yake kutoka pamba hadi dukani, na kila kituo mjiulize nani analipwa na nani anapanga bei. Kabla ya kuanza, waandike jibu la swali moja: kwa nini nchi fulani ni maskini? Kusanya karatasi. Baada ya kipindi cha mwisho, swali lilelile. Mara ya kwanza utasoma ukame, vita na uvivu. Kama mara ya pili hakuna aliyetaja biashara, madeni au historia, vipindi havikufanya kazi, hata kama walihudhuria wanafunzi 400. Mitandao mingi hupeleka kwa mfadhili hesabu ya vichwa tu kwa kuwa ndiyo rahisi kujaza.

Sasa hatari kubwa kuliko zote: mtandao unaoshindana na wanachama wake. Huanza pale sekretarieti, yaani ofisi ya mtandao, inapokosa fedha za mishahara ikaamua kuomba mradi uleule ambao wanachama wangeuomba. Kuanzia hapo taarifa za fursa zinachelewa kuwafikia, na mkutano mkuu unakosa akidi.

Kwa hiyo, mkuu, kabla ya kulipa ada omba hesabu zilizokaguliwa za miaka miwili, muhtasari wa mkutano mkuu uliopita, na orodha ya ruzuku zilizotolewa na nani alizipata. Wakisita kukupa, usijiunge. Kwenye hesabu angalia mapato yametoka kwa wangapi. Mfadhili mmoja akibeba zaidi ya nusu, ushawishi wa mtandao utanyamaza siku serikali ya mfadhili huyo ikiguswa. Kwenye katiba angalia kama ada inapanda kulingana na mapato ya asasi huku kura ikibaki moja kwa kila mwanachama.

Nanyi mtaombwa vyenu: akaunti ya benki yenye watia saini wawili, sera ya ulinzi wa watoto, ridhaa za picha, na mawasiliano ya mshirika wenu wa ng'ambo. Hilo la mwisho msilichukie. Mtandao makini hupiga simu moja kwa moja kwa mshirika bila kupitia kwenu, na hapo ndipo hugundulika kama mradi aliuomba yeye au mliupanga nyinyi mkamjulisha baadaye.