Wakstesheni za Unix za miaka ya tisini: anza na Sun, tena anza na waya wa siriali

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Mwanza aliniandikia. Ana laptop, Linux anaijua vizuri, na sasa roho yake imependa wakstesheni za zamani za Unix, yaani kompyuta za mezani za kazi nzito zilizoendeshwa na mfumo wa Unix. Anauliza aanze na ipi. Mwishoni akaongeza kwamba wenzake wanamwambia anatafuta takataka. Swali lake ningelijibu kwa mistari miwili, ila hilo neno la mwisho ndilo lililonikalisha chini niandike.

Neno hilo nalijua. Nilipoanza kazi Dar es Salaam, taasisi iliyoniajiri ilikuwa na chumba cha kompyuta kilichojaa mashine za kampuni ya Sun. SPARCstation 5 zilikuwa bapa, zimepangwa moja juu ya nyingine, na Ultra 5 zilikuwa chini ya meza. Kwenye kioo cheusi cha mashine hizo ndiko nilikojifunza Unix, jioni, wenzangu wakishapanda daladala. Siku ikafika zikaitwa takataka. Niliomba niuziwe moja tu, kwa bei yoyote. Mkubwa wangu akanijibu mbele ya watu kwamba ofisi haifugi vumbi. Zikapakiwa kwenye mkokoteni na kuuzwa kwa kilo kama nondo zilizokatika. Miaka imepita, na bado likinijia linauma.

Linauma kwa sababu mashine zile zilikuwa na historia ndani yake. Sun ilianzishwa mwaka 1982, na jina lake limetokana na mtandao wa Chuo Kikuu cha Stanford. Lugha ya Java ilizaliwa kwenye kampuni hiyo. Seva ya kwanza kabisa ya wavuti, ile ya Tim Berners-Lee pale CERN mwaka 1990, ilikaa kwenye wakstesheni ya NeXT, nayo pia ikiendeshwa na mfumo wa ukoo wa Unix. Simu uliyoshika sasa hivi ina damu ya ukoo huo. Anayeziita takataka hajui anakotoka.

Leo naishi Ujerumani, na chumbani kwangu zimo Ultra 5, SPARCstation 5 na Indy ya kampuni ya SGI. Zote zinawaka. Hiyo SPARCstation imeamka mwezi huu baada ya kulala muda mrefu, na nilipoona alama ya ok inatokea, ile inayoonyesha mashine imewaka na inasubiri amri, nilimwita mke wangu kutoka jikoni aje aone. Alikuja, akaona, akanipa mkono wa pongezi.

Basi aanze na ipi? Aanze na Ultra 5. Ilitoka mwaka 1998, na Sun waliitengeneza kwa vipuri vingi vinavyofanana na vya PC: diski yake ni ya IDE, aina iliyotumiwa na PC za zamani, na tundu lake la skrini ni VGA ya kawaida. Inapokea Solaris, Unix ya Sun wenyewe, hadi toleo la 10, na NetBSD na OpenBSD za leo, mifumo huru ya ukoo huo, bado zinaingia. SPARCstation 5 ya mwaka 1994 ni nzuri zaidi kwa macho yangu, lakini inakudai zaidi: diski za SCSI, aina nyingine ya muunganisho isiyo ya PC ya kawaida, skrini yenye plagi ya 13W3 badala ya VGA, na Solaris inaishia toleo la 9. Iwe ya pili.

Wengi wanataka kuanza na SGI kwa sababu ya rangi zake. Nawaelewa, Indy yangu ya buluu ndiyo kila mgeni anaiuliza. Lakini bei zake ziko juu, na plagi yake ya 13W3 inafanana na ya Sun kwa umbo tu, mpangilio wa nyaya ndani ni tofauti. Tena inachanganya ishara ya mapigo (sync, inayopanga picha kwenye skrini) kwenye rangi ya kijani, na skrini nyingi za siku hizi haziielewi. Mtu anaishia kuangalia giza na kudhani amenunua mzoga.

Hapa ndipo waya wa siriali, unaopitisha maandishi kati ya mashine na laptop, unapoingia, na hili ndilo ninalotaka ushike kuliko yote. Mashine ya Sun ukiiwasha bila kibodi, yenyewe inahamishia mazungumzo yote kwenye tundu la siriali A, kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Huhitaji skrini ya Sun, kibodi ya Sun wala kipanya cha Sun. Unahitaji adapta ya USB kwenda siriali, waya wa aina ya null modem (wenye nyaya za kutuma na kupokea zilizopishana), na laptop yako. Kabla hujanunua kitu kingine chochote, nunua waya huo. Mimi mashine yoyote ninayoipata naisikiliza kwanza kwa siriali.

Ukishafika kwenye ok, kaa hapo. Usikimbilie kuweka mfumo. Andika printenv uone mipangilio, na kwenye mashine za SCSI andika probe-scsi uone kama diski zinajibu. Programu inayokuonyesha hiyo ok, OpenBoot, ni Forth kamili, yaani lugha ya programu; unaweza kuipa hesabu ikakujibu kabla hata diski haijaguswa. Watu wanaopuuza hatua hii ndio wanaouza mashine baada ya mwezi.

Karibu kila Sun ya umri huo utakayoipata itakulalamikia kwamba IDPROM, yaani utambulisho wake, si halali, na anwani ya Ethaneti, ya mtandao, itasomeka ff:ff:ff:ff:ff:ff. Usiogope wala usimruhusu mtu akuambie imekufa. Kuna chipu moja yenye betri iliyofungiwa ndani yake, inayotunza saa, mipangilio na utambulisho wa mashine. Betri imeisha, ni hivyo tu. Kwenye SPARCstation 5 chipu ni MK48T08, kwenye Ultra 5 ni M48T59, na zote zimekaa kwenye soketi; zinachomoka bila kulehemu. Unaweza kununua mpya, au ukachimba plastiki ya juu na kuunganisha kishikio cha betri ya CR2032. Fundi yeyote mzuri wa redio anaiweza kazi hii, na mafundi hao tunao wengi kuliko Ulaya. Kisha unaandika anwani upya ukiwa kwenye ok. Za Sun huanza na 8:0:20. SPARCstation yangu iliamshwa na kazi hiyo hiyo, basi.

Diski za zamani usiziamini. Kwa SCSI kuna BlueSCSI, inayotumia kadi ya SD na kujifanya diski. Kwa Ultra 5, adapta ya IDE kwenda kadi ya CompactFlash inatosha.

Kwa aliye Mwanza, Mombasa au Bujumbura, usafirishaji wa boksi zito la chuma kutoka Ulaya unaweza kuipita bei ya mashine yenyewe. Kwa hiyo anza leo, bila senti: QEMU, programu ya bure ya kuiga kompyuta, inaiga SPARCstation 5, na NetBSD inaingia humo. Wakati huohuo ulizia kwenye vyuo, mabenki na ofisi za zamani, ongea na wauza vyuma chakavu, waachie namba yako. Omba mapema na omba kwa maandishi, maana ombi la mdomo linajibiwa kwa dharau, na hilo nimeshaliona. Mashine ikifika, ipitishe kwenye stabilaiza kabla ya umeme wetu kuigusa.

Na usiiunganishe moja kwa moja na intaneti. Solaris ya wakati ule inaacha milango mingi wazi, telnet ya kuingia kwa mbali bila usimbaji ikiwemo, na SSH yake ya zamani, njia ya salama ya kuingia kwa mbali, haielewani na ya leo. Ipe swichi yake ndogo pamoja na laptop moja, hamisha mafaili kwa FTP au NFS (njia za kupeana mafaili kwenye mtandao) humo ndani, na uiache huko.