Ukienda Lubumbashi, usitafute familia ya kujificha nyuma yake

Vijana wa Mbeya wanaojiandaa kwenda Lubumbashi au Kolwezi, kule Kongo ya Kinshasa, hunitafuta mara kwa mara, kwa sababu wanajua niliuza mchele kule kwa miaka kabla ya kurudi Uyole. Wanauliza bei ya gunia, ushuru wa Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, kodi ya chumba. Siasa huiacha mwisho, na swali lao huwa moja: "Dada, kwa sasa familia gani ina nguvu kule?" Wanataka kujua wajisogeze kwa nani.

Naandika kwa sababu ya swali hilo. Nimeona Watanzania wenzangu wakifilisika baada ya kuamini kwamba wamepata jibu lake.

Hali yenyewe iko hivi. Laurent-Désiré Kabila alichukua nchi Mei 1997, akauawa Januari 2001, na siku chache baadaye mwanawe Joseph, kijana wa miaka 29, akakalia kiti. Alikaa hadi Januari 2019. Aliyempokea ni Félix Tshisekedi, mtoto wa Étienne Tshisekedi, yule mpinzani mkongwe aliyefariki Februari 2017 bila kuuonja urais. Kwa hiyo tangu 1997 ikulu ya Kinshasa imekaliwa na watu wa koo mbili tu, na mtoto wa rais alimkabidhi ofisi mtoto wa mpinzani.

Sisi wa Mbeya tuna kishawishi chetu cha pekee katika jambo hili. Joseph Kabila alikulia Tanzania baba yake akiwa uhamishoni, na ukikaa kijiweni hapa mjini hutakosa mtu wa kukwambia kwamba alisoma sekondari ya Sangu hapahapa Mbeya. Enzi zake, Mtanzania alikuwa akishuka kwenye basi Lubumbashi anatembea kifua mbele. Nimewasikia kwa masikio yangu wakiwaambia wateja, "Rais wenu ni mtoto wa kwetu." Walidhani wanajenga undugu.

Sasa sikiliza maneno hayo yanavyoingia masikioni mwa Mkongo aliyesimama mbele yako. Kabila mzee asili yake ni Manono, kaskazini ya Katanga, eneo la migodi la kusini-mashariki mwa Kongo. Tshisekedi ni watu wa Kasai, eneo jingine la katikati ya nchi. Lubumbashi ni mji wa Katanga, lakini Wakasai wamejaa humo tangu Wabelgiji walipoleta vibarua wa migodi na reli. Mwaka 1992 Étienne Tshisekedi alipochaguliwa kuwa waziri mkuu, akimrithi mtu wa Katanga, hasira zilimwagwa juu ya majirani. Mwaka huo na uliofuata Wakasai wengi mno walifukuzwa Likasi, Kolwezi na kwingineko. Familia nzima zililala kwenye stesheni za treni wakisubiri behewa la kuwarudisha Kasai, sehemu ambayo wengine hawakuwahi kuiona, kwa kuwa walizaliwa Katanga. Watoto na wazee walifia njiani.

Jirani yangu wa kibanda, mtaa wa Kenya pale Lubumbashi, alikuwa mmoja wa waliolala stesheni ya Likasi akiwa binti mdogo. Aliuza maharage na mawese. Upande wake wa pili alikaa mama mwingine, mtu wa Manono, aliyeuza samaki wakavu. Walipikia jiko moja la mkaa na walikopeshana chenji kutwa nzima. Kila uchaguzi ulipokaribia, yule mama wa Kasai alikuwa anakusanya vyeti vya watoto, kitambulisho, hati ya kiwanja na picha za ndoa, anavitia kwenye mfuko wa nailoni na kuushonea ndani ya pindo la shuka zito. Nilimwona akishona, sindano ileile anayofungia viroba. Hakuwa mwanachama wa chama chochote. Alikuwa na jina la Kikasai, basi.

Kwa mtu kama huyo, jina la familia inayotawala linaamua kama atalala nyumbani kwake mwezi ujao. Wewe mgeni unalitaja kwa utani, unapima mchele, unasonga mbele. Yeye anarudi nyumbani akijiuliza kama duka lako ni mahali salama pa kuongea. Na mama wa Manono naye, Tshisekedi alipoingia, alianza kunyamaza akisikia Watanzania wakishangilia kwamba "sasa mambo yamebadilika". Nawaomba sana: kabla hujafungua mdomo kuhusu familia hizi, jua jirani yako wa kulia na wa kushoto walipitia nini kwa sababu yao.

Wapo watakaosema, basi usiingilie siasa za watu, fanya biashara yako. Siukubali ushauri huo jinsi unavyosemwa. Wengi wanautumia kama ruhusa ya kutojali. Ukikaa mahali miaka, ukala bukari ya watu, yaani ugali wao, na kuzika nao, huwezi kujifanya maisha yao hayakuhusu. Kunyamaza juu ya viongozi ni heshima ya mgeni. Kumnyamazia jirani anayeogopa ni jambo jingine kabisa. Desemba 2016, muhula wa Kabila ulipoisha tarehe 19 na yeye hakuondoka, Lubumbashi kulikuwa na risasi na watu walikufa. Maduka yalifungwa. Siku zile kazi ya Mtanzania haikuwa kutoa maoni. Ilikuwa kumuuliza jirani kama watoto wana unga, na kama anataka mfuko wake wa vyeti ulale kwako kwa sababu hakuna atakayekuja kuutafuta kwa mgeni. Hilo linawezekana, na halihitaji uwe na msimamo wa chama.

Nirudi kwenye kujificha nyuma ya mkubwa, maana hapo ndipo pesa zinapopotea. Mwenzetu mmoja alikuwa analeta vitenge na vyombo vya plastiki kutoka Kariakoo, kupitia Tunduma na Zambia. Mzigo wake ulikuwa haukai boda. Gari ikifika Kasumbalesa anapiga simu, mtu fulani anapiga simu nyingine, geti linafunguka. Wengine tulikuwa tunakesha foleni na mawakala wa forodha, tunalipia kila karatasi, yeye akituona hatujui mji. Desemba 2020 muungano wa kutawala kati ya Tshisekedi na watu wa Kabila ukavunjika, na wakubwa wa upande ule wakaanza kutoka ofisini mmoja mmoja. Hata Zoé Kabila, mdogo wake Joseph, aliondolewa ugavana wa jimbo la Tanganyika Mei 2021. Simu ya mwenzetu ikawa haipokelewi. Makontena yake yalizuiwa, akaulizwa hati za mizigo ya nyuma, na hakuwa nazo, kwa sababu kwa miaka yote simu ndiyo iliyokuwa hati. Alirudi Mbeya na begi.

Kwa hiyo lipa ushuru kwa jina lako na utunze risiti, hata kama kuna njia ya mkato inayoonekana salama. Chukua kibali cha ukaazi kwa utaratibu wa idara ya uhamiaji, na piga nakala za kila ukurasa; nakala moja ibaki kwa ndugu Mbeya. Jiandikishe kwenye ubalozi mdogo wa Tanzania pale Lubumbashi mara ufikapo, usisubiri vurugu. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na hilo limetupa pa kusimamia tunapodai haki, lakini askari wa doria usiku hasomi mkataba wa jumuiya. Anasoma kibali chako.

Kuhusu fedha, kumbuka kwamba siasa za kule hupita kwenye faranga kabla hazijafika barabarani. Mwanzoni mwa 2016 dola moja ilikuwa faranga mia tisa na kitu. Kufikia mwisho wa 2017 ilikuwa imepita 1,500. Muuza mchele unauza kwa faranga kopo kwa kopo, na mzigo mpya unaununua kwa dola. Ukikaa na faranga wiki mbili ukisubiri "hali itulie", mtaji unayeyuka. Badilisha kila jioni, hata kama ni kidogo. Na kagua noti za dola. Faranga iliyochakaa mpaka haisomeki inapokelewa, lakini dola yenye mchaniko mdogo tu ukingoni inakataliwa sokoni kote. Wabadilisha fedha wa barabarani huishika kuelekea juani na kupitisha ukucha pembeni kote. Jifunze kufanya hivyohivyo kabla hujakabidhi kiroba.

Kalenda nayo ni bidhaa. Chaguzi tatu za mwisho zilifanyika Novemba 2011, Desemba 2018 na Desemba 2023, yaani msimu uleule ambao mchele wa Kyela na wa Usangu unatoka sana kwa ajili ya sikukuu. Ni kishawishi kikubwa kujaza ghala. Mimi nashauri mwaka wa uchaguzi mzigo uingie mapema, uuzwe, na Desemba ikukute na gunia chache na fedha mfukoni. Ukipoteza faida ya Krismasi moja utaishi.

Halafu kuna intaneti. Ilizimwa Kongo tarehe 31 Desemba 2018 na ikakaa hivyo wiki kadhaa, matokeo ya kura yakisubiriwa. Wafanyabiashara waliokuwa wamezoea kupanga kila kitu kwa WhatsApp hawakujua magari yao yako Ndola au Chingola kule Zambia. Andika namba za dereva, wakala na ndugu kwenye daftari. Wengi walinicheka kwa daftari hilo mpaka Oktoba 2025, ilipozimwa hapa kwetu wakati wa uchaguzi, na Wazambia na Wamalawi wanaofanya kazi Mbeya wakawa ndio wanaohangaika kuwajulisha nyumbani kwamba wako hai. Siku zile nilielewa vizuri zaidi kile mgeni anachokihitaji kwa mwenyeji: mtu wa kumwambia ukweli wa mtaa huu, leo, bila kutia chumvi.

Ndugu waliobaki nyumbani nao wanahitaji kuelezwa. Goma, mji wa mashariki ya Kongo, ilipotekwa na waasi wa M23 Januari 2025, akina mama wa Mbeya walilia wakidhani watoto wao walioko Lubumbashi wamezingirwa. Kati ya Goma na Lubumbashi kuna zaidi ya kilomita 1,000. Mwonyeshe mama ramani kabla hujasafiri, mkubaliane siku ya kupigiana simu, ili asiishi kwa taarifa za kuokoteza.

Lakini umbali huo usikufanye ulale usingizi. Mei 2025 Seneti ilimwondolea Joseph Kabila kinga, na tarehe 30 Septemba mahakama ya kijeshi Kinshasa ikamhukumu kifo bila yeye kuwepo, kwa makosa yakiwemo uhaini. Serikali inamhusisha na M23, naye anakataa. Fikiria sasa yule kijana wa kwetu mwenye picha ya Kabila kwenye simu, na utani wa Sangu kwenye stetasi yake. Jambo ambalo 2010 lilimpa tabasamu la askari linaweza leo kumlaza kituoni. Zifute kabla ya kuvuka Tunduma kuingia Nakonde, upande wa Zambia. Na usiweke picha ya mkubwa wa sasa mahali pake.

Kwa anayetaka kukodi ghala mwaka huu, angalia muda wa mkataba. Uchaguzi ujao unatarajiwa Desemba 2028, na tangu 2024 kuna mvutano kuhusu kubadili katiba ambao haujatulia. Omba mkataba wa mwaka mmoja unaohuishwa, hata mwenye nyumba akikupunguzia kodi kwa miaka mitatu, na kipengele cha kurudishiwa fedha ukilazimika kuondoka kiandikwe, mbele ya shahidi wako na wake.