Nimeacha kumpigia mume wangu pasi: je, ni nushuzi (uasi wa mke)?

SWALI: Assalaam alaikum shehe. Niko Bukavu, nauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni Kadutu. Bwana hana kazi siku nyingi, kodi ya nyumba na ada ya watoto nalipa mimi. Nikirudi jioni namkuta amekaa, anauliza bugali iko wapi. Sikugombana naye. Niliacha tu: simpigii pasi, simtengei maji ya kuoga, pesa ya likelemba (mchango wetu wa kupokezana) simwonyeshi. Naye hasemi kitu. Je, nimefanya nushuzi?

JIBU: Wa alaikumu salaam mama. Pesa kwanza, maana haina mjadala. Suratun Nisaa, aya ya 32, inawapa wanawake fungu katika walichokichuma. Likelemba ni yako.

Nushuzi ni kumnyima mume haki yake ya unyumba bila udhuru, au kuhama nyumba yake. Shati lenye mikunjo halimo humo. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafii wanasema kupika na kufua si wajibu wa mke kwa akdi (mkataba) ya ndoa. Akdi inamfunga mume kulisha. Ibn Taymiyya, mwanachuoni wa Kihanbali, anaona mke ahudumie kwa kadiri ya desturi. Sawa, lakini desturi ya mke anayelishwa utaibebeshaje anayeamka alfajiri kuwahi sambaza ziwani? Bibi Aisha aliulizwa Mtume (s.a.w.) alifanya nini nyumbani. Akajibu: alikuwa akiwahudumia watu wake, na wakati wa sala ukifika, hutoka. Imo katika hadithi za Bukhari. Bwana ana mikono, na makala (makaa) yapo.

Sasa matumizi unayoyabeba. Kwa Shafii, nafaka (matumizi ya mke) asiyoitoa mume inabaki deni shingoni mwake, hata akiwa fukara. Unaweza kuidai siku akipata, au uisamehe. Zainab, mke wa sahaba Ibn Mas'ud, aliitumia mali yake kwa mumewe, na Mtume akasema ana thawabu mbili: ya ujamaa na ya sadaka. Ukiisamehe, basi usimsimange, maana masimango yanabatilisha sadaka (Baqara, 264).

Mahali nisipokuunga mkono ni katika kununa. Huenda hajui hata umekasirikia nini. Mwambie usiku, watoto wakilala: "Mimi nachoka, bugali ya jioni songa wewe." Akikataa, aya ya 35 ya Nisaa inaruhusu msuluhishi mmoja wa kwao na mmoja wa kwenu. Wa kwao awe mjomba wake. Mamamkwe usimwite.