Maswali ya wazazi: Usimtoroke mtoto mlangoni

Maswali ya mwezi huu karibu yote ni ya watoto walio chini ya miaka mitano, na mengi yana ugonjwa mmoja: mtu mzima anatafuta namna ya kumdanganya mtoto ili yeye apate nafuu haraka. Nimechagua machache.

Mwanangu ana miezi 11. Asubuhi nikitoka kwenda kazini analia mpaka pumzi zinamkwama. Mama mkwe ananiambia nipitie mlango wa uani wakati anachezeshwa. Nifanye hivyo? (Mama, Makorora)

Usifanye. Mkweo anakutakia mema, lakini ushauri huo utakuokolea asubuhi moja na kukuharibia miezi. Kuanzia miezi minane hivi mtoto anajua kwamba upo hata asipokuona. Asilolijua bado ni kwamba ukienda utarudi. Ndiyo maana kilio hiki huja umri huo, hupanda, halafu baada ya mwaka na nusu hivi huanza kushuka.

John Bowlby, daktari Mwingereza aliyeliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti ya mwaka 1951 kuhusu watoto waliotengwa na mama zao, alishikilia kwamba mtoto humhitaji mlezi wake kama anavyohitaji chakula. Hadeki. Mwenzake, Mary Ainsworth, alianzia uchunguzi wake hapa jirani, Uganda, mwaka 1954 na 1955. Alizitembelea familia 26 karibu na Kampala, akaketi nao majumbani mwao na kutazama watoto wanavyotambaa. Aliona kwamba mtoto mwenye uhakika na mama yake huthubutu kwenda mbali: anatambaa mpaka kwa mgeni, anageuka kuhakikisha mama yupo, anaendelea na safari zake.

Sasa mtoto anayetorokwa anajifunza kwamba mama hupotea bila taarifa. Basi hata ukienda kuanika nguo atakuandama kashika khanga yako. Nimewafundisha chekechea watoto hawa. Wenzake wanapika mchanga kwenye vifuu, wanagombania nani awe mama, na yeye kakaa kwenye mkeka karibu na mlango, begi mgongoni, hataki kulivua.

Muage. Maneno mafupi, yale yale kila siku: "Mama anakwenda kazini, atarudi jioni." Mkabidhi mikononi mwa bibi yake, usimwache sakafuni, kisha uende, na usirudi kumbusu mara ya pili. Atalia. Halafu muulize mkweo alinyamaza baada ya muda gani. Akina mama wengi hushangaa kuambiwa hata kona ya mtaa walikuwa hawajaikata.

Nikimbeba sana mtoto wa miezi mitatu, si atazoea mikono? (Wengi)

Hapana. Nimeshalijibu hili na najua mwezi ujao litaletwa tena. Mtoto wa miezi mitatu hana hila. Mbebe.

Mtoto wangu wa miaka miwili kila kitu "sitaki". Nguo sitaki, uji sitaki, juzi kajibwaga chini dukani watu wanatutazama. Wazee wanasema samaki mkunje angali mbichi. Umri huu kiboko kinafaa? (Baba, Duga)

Hakifai, na nadhani kilichokuuma ni wale watu waliokuwa wakikutazama. Erik Erikson, ambaye kitabu chake kuhusu utoto na jamii kilitoka mwaka 1950, aliupa umri huu, kati ya mwaka na nusu na miaka mitatu, kazi moja: mtoto kujaribu kujiamulia mwenyewe. Akiaibishwa kila anapojaribu, hubaki na haya na kujitilia shaka. Kwa hiyo mpe la kuamua. Usimuulize kama anataka kuvaa. Muulize shati la bluu au la njano. Barabara hatavuka peke yake, hapo hakuna mjadala, mshike mkono hata akipiga mateke.

Na hicho kiboko: mwaka 1961, Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, Albert Bandura na wenzake waliwachukua watoto 72 wa chekechea. Baadhi yao walimtazama mtu mzima akilipiga lidoli kubwa la kupulizwa. Walipoachwa nalo wakalipiga, wengi kwa mapigo yale yale na maneno yale yale. Miaka miwili baadaye watoto wengine wakaonyeshwa vipigo hivyo kwenye filamu, matokeo yakawa hayo hayo. Wewe unayempa simu atazame katuni za ngumi ili unywe chai kwa amani, hapo umo pia.

Hili hukuuliza, lakini nitasema. Afadhali yako wewe unayeuliza, kuliko wanaotisha. Kwenye foleni ya kliniki nilimsikia mama akimwambia mwanawe, "Tulia, dokta atakuchoma sindano." Mtoto akatulia kweli, macho kwenye kile chumba. Zamu yao ilipofika akang'ang'ania nguzo ya benchi, ikabidi watu wawili wambandue, na alikuja kupimwa uzito tu! Polisi, kichaa wa sokoni, zimwi, wote mnawaajiri kulea. Siku mtoto akipotea mjini, polisi ndiye wa kumkimbilia, nanyi mmeshamfundisha kumkimbia.

Mwanangu ana mwaka na nusu, hataki mwenzake aguse gari lake. Ni uchoyo? (Dada, Chumbageni)

Ni umri. Mildred Parten aliandika mwaka 1932 kwamba watoto wadogo hucheza kando kwa kando, kila mmoja na lake, muda mrefu kabla ya kucheza kwa kushirikiana. Wape magari mawili. Usimpokonye kumfundisha ukarimu, maana hapo anajifunza kupokonya.

Nalea mjukuu wa miaka miwili, mama yake yuko Dar kikazi, huja mwisho wa mwezi. Watu wanasema mtoto asiyelala na mamake huharibika. (Bibi, Ngamiani)

Shikamoo bibi. Hao watu wasikusumbue. Rudolph Schaffer na Peggy Emerson walifuatilia watoto 60 wa Glasgow, wakachapisha mwaka 1964: walipofika mwaka na nusu, wengi walikuwa wameshikamana na zaidi ya mtu mmoja, baba, bibi, ndugu. Huyo wako ana bibi anayemuitikia usiku akilia, na hilo ndilo analolihitaji.

Kinachonitia hofu mimi ni siku ya kuchukuliwa. Naijua ilivyo hapa kwetu. Mtoto anafika umri wa kuanza shule, mama anatokea na tiketi za basi, anaambiwa "twende matembezi, kesho tutarudi kwa bibi." Kesho hiyo haifiki. Mtoto anaanza kukojoa kitandani, halafu anachapwa kwa kukojoa. Mwambie binti yako mapema: aongeze safari za kuja, alale na mtoto, amuogeshe, amlishe yeye mwenyewe. Mwaka wa kuhama ukifika, nenda nao, ukae kidogo. Siku ya kurudi Tanga umuage mjukuu wako akiwa macho, hata kama mtalia wote wawili.

Kijana wangu wa miaka minne analia ovyo. Baba yake anamwambia mwanaume halii. (Mama, Mikanjuni)

Mwanaume wa miaka minne analia. Mwambie "umeumia" au "umekasirika", ajue kinachompata kinaitwaje. Akikosa jina lake atakisema kwa ngumi.

Mtoto wangu hachangamki. Nifanye nini? (Jina limehifadhiwa)

Ana umri gani? Nimewaomba mara nyingi, andikeni umri. Wapo watoto wazito wa kuchangamkia wageni tangu kuzaliwa. Alexander Thomas na Stella Chess waliowafuatilia watoto New York kuanzia mwaka 1956 waliwaweka kwenye kundi lao, na hao hawana ugonjwa. Wape muda, usiwasukume mbele ya watu. Lakini kama ametimiza mwaka na hageuki akiitwa jina, au ana mwaka na nusu na hanyooshi kidole kukuonyesha kitu, au alikuwa na maneno na sasa yamepotea, mpeleke kliniki wiki hii. Wakikuandikia kwenda hospitali ya Bombo, nenda. Usingoje nijibu.